Fomu ya Zamu ya Usiku

Fomu imelala ndani ya daftari la uhasibu,
kwenye ukurasa wa mizania. Inanuka sangara
ingawa haijagusa samaki bado.
Elfu nane kwa usiku. Glovu na buti, juu yao.
Usingizi, juu yangu.

Nimepiga hesabu kama tulivyofundishwa:
kushoto ada, na kodi ya chumba Mabatini;
kulia saa nane za kusimama kwenye barafu, kisu mkononi,
halafu kipindi cha asubuhi
na mwalimu Lubango asiyesubiri mtu.
Pande hazilingani. Nimefuta, nimerudia.

Nyanzobe wa chumba cha pili alianza mwaka jana.
Ada kamaliza. Mtihani wa ukaguzi
aliulalia, shavu juu ya swali la tatu,
wino ukamwandika usoni.
Tulicheka. Naye alicheka, kidogo.

Nikampigia mama, yuko mwaloni Kirumba.
"Mshika mawili, mwanangu, moja humponyoka,"
akasema, na nikasikia mkono wake ukigeuza dagaa,
simu kaibana begani,
anabishana bei na mteja wa Shinyanga,
anamkaripia Kulwa asiwakanyage.

Sikumjibu.
Nilikuwa nahesabu mangapi kayashika.

Jioni nimeteremka Igogo, hadi getini.
Nimemwambia msimamizi: Ijumaa na Jumamosi, basi.
Kanitazama kama mizani inayosita.
"Rudi kesho, saa mbili kamili."

Nimerejea kwa miguu, kuokoa nauli.
Kesho, saa mbili kamili, nina jaribio.