Kutu

Bogumiła alibadili njia za treni hapa Wrocław
miaka ishirini na sita, kwa mkono.
Bado husimama penye kivuko:
kushoto, kulia, kushoto tena.
Hakuna kijacho ila nyuki
na kitoto cha jirani, baiskeli ya matairi matatu.

Kibao cha manispaa chasema: *Tumepanda.*
Thubutu!
Magugu yalishakata shauri
miaka tisa kabla ya kamati,
yakachipua kati ya mataruma
bila kuomba kibali kwa mtu.

Wenzo wake wameupaka rangi nyekundu,
wakaufunga kwa saruji, uwe pambo.
Jana, kiza kilipoingia, aliuvuta.
Haukutikisika. Kunguru mmoja akaruka.

Akasimama akifuta viganjani
kutu ambayo haipo.