Nani Ro

Umeme umekatika, tunasema hapa Keko,
kana kwamba ulijikata wenyewe,
ukachoka, ukaenda zake Chang'ombe.
Kikombe kimevunjika. Maji yamemwagika.
Kaka yangu Chande alikuwa na miaka kumi na minne
alipolikataa jambo hili.

Alikuwa akipiga msasa vitanda vya watu
kwenye karakana ya baba mdogo,
na ndani ya daftari la vipimo, chini ya
"tano kwa sita, mninga, kalipa nusu",
akaanza kutunga lugha.
Wasemaji tulikuwa wawili, mmoja ana kigugumizi.

Majina hakujisumbua nayo, meza ikabaki meza.
Kilichomkosesha usingizi ni vijineno
vya kukaa nyuma ya jina na kulitolea ushahidi:
"ro", huyu ndiye aliyetenda;
"mi", huyu katendwa;
"vu", kifaa tu, msumeno hauna kesi;
na "she", tulichokigombania wiki nzima,
cha yule anayeumia bila kuguswa.

"Kiswahili chenu," aliniambia, kama mtu aliyekwishahama,
"kinamtumikisha kwa kama mpagazi wa Kariakoo.
Nimekwenda kwa shangazi kwa miguu kwa hasira kwa siku mbili:
mgongo mmoja, magunia manne!"
Nikacheka. Akaandika kwamba nimecheka,
akanitia ro.

Sheria moja haikuwa na mjadala:
sentensi isiyo na ro si sentensi.
Ukivunja kikombe, utaje mkono.
Hata mvua aliipa. Alipofika kwa Mungu akasita,
akaacha nafasi, akaizungushia penseli.

Baba alipokufa, kikao kikakaa sebuleni,
viti vya kuazima, soda za moto.
Nyumba imeuzwa, akasema baba mdogo.
Pesa zimetumika.
Karatasi zimesainiwa, mambo yamekwisha.
Vitenzi vikapita mbele yetu kimoja kimoja,
vimevaa kanzu safi, ndani hamna mtu.

Chande akainuka.
"Ro?"
Wakangoja. Wanakijua kigugumizi chake,
walidhani neno limekwama, mkia wake utafuata.
Shangazi Mwajabu akamsaidia: "Roho? Robo?
Unataka robo yako, baba?"
"Ro?"
Akaketi.

Ni mimi peke yangu niliyelisikia swali zima.
Na ni mimi niliyeweka sahihi,
shahidi namba mbili, kalamu ya kukopa,
laki tatu kwenye bahasha ya kaki, ada ya chuo.
Kwa Kiswahili nilikwishajisamehe:
sahihi iliwekwa. Ada ililipwa.

Usiku nikalitafuta daftari kwa tochi ya simu,
nyuma ya makopo ya vanishi,
nikaandika chini ya kitanda cha mninga
sentensi fupi kuliko zote za lugha ile:
Siwema ro.
Nikaongeza "she", nijionee huruma kidogo.
Nikaifuta. Karatasi ikachubuka.

Siku tisa daftari halikusogea.
Ya kumi nikakuta mwandiko wa penseli ya seremala,
ile bapa, inayoacha mstari kama mfereji:
Siwema fe.

"Fe" tulikitunga utotoni, hatukuwahi kukitumia.
Ni cha kumwita aliye mbali, ili asogee.
Tulilala chumba kimoja, miguu kwa kichwa;
nani angemwita nani?

Hakisemi kama anayeita amekasirika.
Cha hilo tulisahau kukitunga.
Nimekaa gizani na neno hili mapajani,
Luku ina salio, giza ni la mtaa mzima,
mara ukutani taa inapepesa, inashika,
na watoto wa jirani wanapiga kelele uani:
Umerudi! Umerudi!

Kwa Kiswahili, sina njia ya kujua
kama ni umeme
au ni mimi.