Mstari wa Kumi na Nne

Leo tumepaka rangi misaji ya Rondo,
mimi na Nambunga, kopo moja, brashi mbili.
Wenye alama nyekundu utaangushwa
kabla mvua hazijakata barabara.

Bondeni wageni wanawinda.
Bunduki inalia mara moja, kimya,
kisha mbwa.
Jioni tutaletewa utumbo wa pofu
na shukrani kwa kutopita njia ya chini.
Njia ya chini ndiyo ya kisimani.

Mikorosho imetoa maua, na ubwiriunga umeshayaona.
Salfa imefika nusu ya mifuko iliyoandikwa.
Sijauliza. Mwenye shamba naye ana mwenyewe.

Mstari wa kumi na nne nimeuhesabu peke yangu:
mia mbili na kumi na moja,
mia mbili na kumi na mbili,
mia mbili na kumi na nne.

Karani Chitanda akanirudishia daftari:
"Hapa umeruka."
Nikamwambia shule yetu ilikuwa mbali.
Akacheka, akasahihisha kwa kalamu ya kijani.

Hajui kuwa aliyeuotesha mti ule
amelala chini yake,
wala kwamba kuhesabu alinifundisha yeye,
kwa mbegu za msaji, mkekani,
bila kuruka hata moja.