Arobaini

Skrini inasema: arobaini chini ya sifuri.
Mimi nimevua koti, nimevua sweta,
mbu wa Kemijärvi wananila shingo,
na jua, saa nne hii ya usiku,
limekataa katakata kuzama.
Ni Juni. Uani ni digrii kumi na tisa.
Lakini gari la Urho limeshika lake:
hewa ninayovuta, linasema, ni barafu.

"Linakunywa petroli kama mgeni wa arusi,"
Urho analalamika, kofia mkononi,
"na nikilikanyaga kwenye kilima cha kanisa
linakohoa moshi mweusi, linaniaibisha."
Nafungua plagi. Nne zote
nyeusi kama tako la sufuria.

Kompyuta haina ngozi, namweleza.
Inaamini inachoambiwa.
Ikiambiwa baridi, inajua hewa ni nzito,
inamimina petroli, inamimina tena,
na turbo ikianza kuvuma
injini inazama katika ukarimu wake yenyewe.

"Tangu lini?"
Hajui. Na angejuaje?
Januari ilikuwa thelathini na nane kwelikweli.
Uongo na ukweli walipishana digrii mbili,
wakalala kitanda kimoja msimu mzima,
hakuna aliyesikia ugomvi.

Jouni, mpwa wake, keshanunua kihisi kipya,
euro arobaini na mbili, kwenye boksi la buluu.
Nakichomeka.
Arobaini chini ya sifuri.
Siku za mwizi, husemwa, ni arobaini;
huyu ana digrii zake arobaini
na bado yuko nje.

Basi nachukua kihisi cha zamani, yule mshitakiwa,
namtumbukiza katika glasi ya barafu.
Mita: elfu sita kasoro.
Katika kahawa ya Urho iliyopoa nusu:
elfu moja na ushei.
Baridi anapanda, joto anashuka,
ndivyo alivyoumbwa, hajakosea hata mara moja.
Mjumbe hauawi,
nasi tulikuwa tumeshamnunulia mrithi.

Nakunja kibanio cha karatasi,
naunganisha tundu mbili za soketi, waya kwa waya.
Kama njia ni nzima, skrini iruke juu,
ipige kelele za jehanamu.
Haikuruka. Arobaini. Chini.

Kumbe ni njia.

Nafuata waya kwa kidole, kama mtu asomaye gizani,
chini ya bomba la turbo, nyuma ya radieta ya hewa,
pale klipu moja imevunjika
na waya umesugua chuma miaka, kimyakimya.
Ganda limetoboka. Ndani, shaba imekuwa kijani,
kisha unga, kisha hakuna.
Pengo lake halizidi punje ya mchele.

Nikiwa nalehemu, Urho amekaa kiti cha mbele.
Upande wa abiria kuna blanketi la sufu,
limekunjwa pembe kwa pembe, halijaguswa.
Na kwenye grili bado unaning'inia
waya wa kupashia injini moto wakati wa baridi.
"Tyyne ndiye aliyekuwa akiuchomoa," anasema,
halafu anatazama nje, kwenye mibetula.
Siulizi. Napuliza risasi ikauke.

Skrini: kumi na tisa.
Tunapanda kilima cha kanisa, mimi nikikanyaga.
Ishirini na nne, turbo inavuma, thelathini na moja,
hakuna moshi kiooni.
Juu kabisa kulungu wawili wamesimama barabarani,
hawana haraka, wala sisi.
Tunangoja, injini ikinguruma taratibu,
joto la boneti likipenya ndani ya bomba:
thelathini na sita. Thelathini na tisa.
Urho ameinama, macho kwenye namba.
"Arobaini," anasoma, polepole.
Juu ya sifuri, namwambia.
"Naona," anasema. "Naona."

Kihisi kipya duka lilikataa kukirudisha.
Kipo rafuni kwangu, kwenye boksi lake la buluu.