Tui Bubu

Meneja Danstani kanipa karatasi:
"Somoe, wewe ndiye mwenyeji. Hivi vinywaji vyeupe vyeupe
vya baada ya chakula, vipe majina ya Kiswahili.
Kesho kuna mkutano wa korosho,
na mgeni rasmi hataki kuona neno la kigeni."

Nikakaa kaunta, kalamu nyuma ya sikio.
Kichwa cha habari kwanza. Nikaandika "Vishushio",
nikacheka peke yangu,
maana kwetu kishushio ni maji ya mtungi
na mkono unaopapasa tumbo.

Kinachofuata kijani, kina nanaa, jina lake ni la mdudu.
Panzi. Sawa. Lakini panzi pia
ni ile ngozi ya kahawia kwenye nyama ya nazi.
"Umefika kwenye panzi, acha!" mama alikuwa akifoka,
"Tui litakuwa jeusi."
Mlevi gani atajua anakunywa panzi yupi?

Halafu kuna Mrusi, mweupe. Nikamwacha awe Mrusi.

Krimu ndiyo iliyonikwamisha.
Krimu ni ya keki, na ile ya kopo ya kujipaka usoni.
Malai, wanasema wa Unguja; hapa Shangani ukiagiza malai
utaulizwa ndiye nani huyo.
Utando ni wa chai iliyopoa.
Mafuta? Nani atoe elfu kumi na nane anywe mafuta?

Saa sita usiku nikafika Chikongola.
Mama yu macho. Tangu kiharusi cha Machi
amebakiwa na maneno mawili: "eee",
na jina la marehemu kaka yangu,
ambalo sasa ni jina la kila kitu,
maji, mto, taa,
mimi.

Nikauliza, mtu huuliza tu:
"Mama, lile tui la kwanza, kabla ya kutia maji,
lile zito linalokataa kuchuruzika,
mlikuwa mkiliitaje?"

"Shaibu," akasema. Akatikisa kichwa, hakuridhika.
Akainua mkono mzima, wa kushoto,
akakamua hewa, polepole,
kama kwamba kifumbu kimo mle,
kisha akaweka kidole midomoni.
Nikadhani ananinyamazisha.
Akarudia. Kamua. Kidole midomoni.

Bubu.
Tui bubu, mama?

"Eee," akasema, na akageukia ukuta,
kama mtu aliyemaliza kazi.

Asubuhi Danstani akalikata kwa wino mwekundu.
"Bubu? Mgeni rasmi ataona tunamtukana."
Akaandika Krimu ya Kusini.

Usiku ule zilitoka glasi arobaini na moja.
Kila moja niliitia jikoni kwa jina lake,
"Tui bubu!"
na Likanga, mpishi wetu wa Newala,
hakuuliza maana.
Alileta.