Ukurasa wa Kumi na Saba

Nafuna hafungui kitabu kama watu.
Kwanza anakinusa, kisha anakipindua,
anahesabu sura kwa kidole gumba,
ishirini na mbili, ndipo anauliza,
"Mama, tuanze?"

Tuanze nini, nami nina pindo tano za sare za shule
na yuniti za stima zimebaki mbili na ushei?
Lakini mvua imeishika Jericho tangu alasiri,
soko limefungwa mapema,
na mguu wangu umechoka kubishana na cherehani.

Haya. Soma.

Kuna mvulana, jina lake Sikuku,
anaosha viatu mara mbili kabla ya kwenda shule.
Nafuna anaweka kidole hapo.
"Kwa nini mara mbili?"
"Msafi," nasema.
"Hapana. Viatu si vyake."
Anachukua chaki yangu ya kukatia vitambaa,
anaandika nyuma ya risiti:
vya kaka yake, kaka hayupo.
Anaichomeka kati ya kurasa kama mtu aliyeweka dau.

Anaingia shangazi, Bi Zawena,
sukari kaifungia kabatini, ufunguo shingoni.
Hapo sikungoja.
"Huyu ndiye mbaya. Andika."
"Mapema, Mama."
"Andika! Miaka kumi na tisa napima watu.
Bega lililolala nalijua,
tumbo lililovutwa ndani nalijua,
hakuna anidanganyaye mbele ya futikamba."
Akaandika: mbaya.
Akaongeza alama ya kuuliza ambayo sikuitamka.

Ikanichoma ile alama
kama pini iliyosahauliwa kwenye ukosi.

Maana alikuwapo Bwana Oloo wa karakana,
aliyeleta suruali ileile nipunguze kiuno.
Mara ya kwanza nilimwita mtanashati.
Ya pili aliomba nimpunguzie na bei,
nikamwita mpenda vya bure.
Ya tatu nilimsema kwa majirani,
tukacheka, chai ikatupalia.
Ya nne suruali ililetwa na mkewe.
Punguza tena, alisema, avae Jumamosi.
Hakusema avae aende wapi.

"Mama, umesinzia?"
"Nasikiliza."

Usiku, kila mtu kalala, Bi Zawena anavua ufunguo,
anafungua kabati polepole lisilie,
anapima sukari, kijiko kimoja, viwili,
ndani ya kikombe ambacho si chake wala si cha Sikuku.
"Cha nani?" nikauliza,
pindo zikaanguka sakafuni,
nikainama juu ya bega la mtoto nijisomee mwenyewe,
na stima ikakatika.

Nje mifereji ya mabati inamwaga.
Jirani anamlaani mtu wa stima kwa jina la babu yake.
Tumekaa hivyo, ukurasa wa kumi na saba,
mimi na yeye na kikombe kile.

Kisha nikasikia kidole kikisugua karatasi.
"Unafanya nini gizani?"
"Nafuta neno lako," akasema.
"Alama nimeiacha."