Sampuli ya Kwanza

Mkataba una kurasa kumi na nne.
Ukurasa wa tisa wasema: matokeo yote ni mali ya kampuni.
Nimeusoma mara tatu usiku huu, hapa Mbarara,
jokofu la maabara likikoroma.

Kabla yao tulijua moshi wa nyasi huua bakteria.
Tukaandika makala. Wakasoma watu sita.

Akaja Mugarura wa kiwandani, buti zimerukiwa maziwa,
akauliza ambacho hakuna profesa aliyewahi kuniuliza:
"Na lita elfu nane je, saa saba mchana,
lori limekwama Lyantonde?"

Sikulala.
Swali lile lilinisomesha kuliko mihadhara ya mwaka.

Sasa tunafukiza mapipa,
maziwa yanafika Kampala hayajachacha,
nami nina mshahara, na darubini isiyo na ufa.

Ila kibuyu cha kwanza nilikiazima kwa mama, Kiruhura.
Kiko kabatini, kimebandikwa namba.
Mkatabani nafasi za sahihi ni mbili tu:
chuo, kampuni.

Jana alipiga tena.
"Kyomukama, mmemaliza nacho?
Ng'ombe amezaa,
sina pa kukamulia."